Kazi Iliyoachwa Nusu

Melkiyori alikufa wakati wa kupanda maharage, nami nilipata habari maharage yakiwa yamekwisha kuchanua. Naanza na kipimo hicho kwa sababu ndicho ambacho yeye mwenyewe angekitumia: katika tungo zake zote hakutaja tarehe hata moja. Aliyenipigia simu alikuwa binti yake, Diyana. Hakunilaumu kwa kutofika mazikoni. Alisema tu, "Dada Goreti, mwakani tutaganduka. Wewe usikose." Kuganduka, katika Kirundi, ni kutoka msibani. Mwaka mmoja hivi baada ya maziko, jamaa na majirani hukutana nyumbani kwa marehemu. Mtu mmoja husimama akatoa neno. Mitungi ya pombe hufunguliwa. Na nyumba ile hurudishwa miongoni mwa nyumba za walio hai. Kabla ya hapo haiozeshi binti wala haipokei posa. Nilimwahidi Diyana kwamba ningefika, kisha nikaiweka simu juu ya karatasi za tasnifu yangu ya udaktari, ambayo sura yake ya tatu inamhusu baba yake, nikazifunika zote kwa gazeti. Nimezoea kuyachunguza mambo yangu kama ninavyochunguza maandiko ya watu, kwa hiyo nilijiuliza nimezifunika kwa huzuni au kwa hofu. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyopenda. Ilikuwa hofu.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa nyuma sana, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikiandika tasnifu ya uzamili ambayo majirani wangu wote waliiita "memwari". Nilipanga chumba katika mtaa wa Yoba, mjini Gitega, nyuma ya duka la fundi cherehani. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na kitambaa kilichopigwa pasi ya mkaa, na ukuta wake wa kati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliyajua mambo ya wateja wote: nani amenenepa, nani amekonda kwa maudhi ya mume, gauni la nani lilikuwa la harusi likawa la kwenda sokoni. Mke wa fundi, Mama Zuhura, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na Kiswahili cha Yoba kilichotiwa Kifaransa, na kila Ijumaa aliniwekea sahani ya pilau iliyofunikwa sahani nyingine. Nilipoanza kusafiri kwenda Mwakiro, mlima (ndivyo kijiji kinavyoitwa kwetu) ulioko Muyinga, kwa Melkiyori, mtunzi wa maneno ya msibani, nikikaa siku kumi na kurudi siku nne, pilau ile ilianza kupoa bila mlaji, naye akakasirika.

"We Goreti, Mwakiro iko nini kule?" aliniuliza siku moja akichambua mchele. "Iko bwana?"

"Kuna mashairi, Mama Zuhura."

"Mashairi! Yoo, mama we! Donc unaacha pilau yangu juu ya mashairi. Kama iko bwana, sema tu. Mi sitaambia mtu. Nitaambia Zuhura peke yake, na Zuhura ataambia Yoba yote."

Sikumwambia kwamba mashairi yale yote yalikuwa ya wafu. Nilidhani hangeelewa. Katika mwaka ule nilikuwa na orodha ndefu ya watu niliodhani hawangeelewa.

Nyumba ya Melkiyori ilikuwa ya matofali mabichi na vigae, vyumba vitatu na jiko la nje, juu ya mteremko unaoshukia bondeni kwenye kisima. Mkewe Rejina alinipa chumba ambacho kitanda chake kilikuwa kifupi mno kwa mtu mzima. Nilijua baadaye kwamba kilikuwa cha Diyana, na kwamba Diyana alihamia kwenye mkeka jikoni ili mimi nilale vizuri. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, na mara moja kwa juma dagaa waliokaangwa na nyanya. Rejina alikula akiwa ameugeuzia mlango mgongo. Walikuwa wakulima waliokulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, wakarudi wakiwa watu wazima na Kiswahili ambacho majirani walikicheka. Jirani yao Salvatori, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka, alikuja karibu kila jioni kuwachokoza.

"Watanzania hawa," aliniambia akielekeza kidevu kwa mwenyeji wangu, "walirudi na maneno magunia mawili. Jembe wakalisahau kambini."

"Na wewe jembe lako halijawahi kutoka hapa," Melkiyori alijibu bila kuinua kichwa. "Mbona basi shamba lako linalia?"

Salvatori alicheka hadi akakohoa. Walakini ni yeye, mke wake alipokufa, aliyekwenda kupiga magoti kwa Mtanzania huyo kumwomba neno la kuganduka, na akalitaka kwa Kiswahili, lugha ambayo marehemu hakuijua. Nilimuuliza kwa nini. Alisema kwamba kwa Kirundi kila mtu angejua sentensi inakokwenda kabla haijafika.

Namna ya Melkiyori ya kufanya kazi ilikuwa moja, na hakuiacha kwa maskini wala kwa tajiri. Siku ya kuganduka ilipokaribia, alikwenda katika nyumba ya marehemu, akakataa kiti, akauliza swali moja: "Ameacha kazi gani nusu?" Hakuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Ajuza mmoja alikuwa ameacha mkeka uliopungukiwa shubiri moja. Mwanamume mmoja alikuwa amechimba shimo la choo likamfika kiunoni. Mama kijana alikuwa amepanda matuta matano ya viazi, la sita likabaki na jembe ndani yake. Juu ya kazi hiyo Melkiyori alijenga beti nane au kumi, akizungushia ndege, miti na mawingu ya mlima ule, na mstari wa mwisho uliwaita majirani. Akimaliza, watu waliinuka wote, hata wazee, wakaenda kuumaliza mkeka, shimo, tuta. Ndipo waliporudi na mikono michafu wakaifungua pombe. Nilimuuliza kwa nini hasifu wafu kama wengine wanavyosifu. Alikuwa akikata majani ya mbuzi, na hakuacha kukata. "Sifa ni za mtu aliyemaliza," alisema. "Mimi sijawahi kumzika mtu aliyemaliza."

Niliandika sentensi ile mara mbili katika daftari langu, kwa kuogopa kwamba ukurasa mmoja ungepotea. Nikiitazama leo naona kwamba niliipenda kwa ubaya. Niliipenda kama mtu anavyopenda kisu kizuri cha jirani. Kwangu ilikuwa nadharia iliyojileta yenyewe: kifo kama sentensi iliyokatika, jamii kama wasomaji wanaoikamilisha. Kwake ilikuwa njia ya kuweza kusimama mbele ya mjane na kufungua mdomo.

Lakini nilipofika Mwakiro, mwezi wa Oktoba, nyumba yake mwenyewe ilikuwa msibani. Kifungua mimba wake, Fidele, alikuwa amepigwa na radi mwezi wa Aprili uliotangulia, akiwa na miaka ishirini na miwili, chini ya mkaratusi ulio nusu ya mteremko. Alikuwa ameshuka bondeni kuwafuata mbuzi. Mbuzi walirudi wenyewe. Mimi sikumwona kamwe akiwa hai. Nilimjua kwa koti lililotundikwa kwenye msumari na kwa jina, kwa sababu wote waliendelea kuwaita wazazi wake Baba Fidele na Mama Fidele, na kila aliyebisha hodi alilitaja jina la marehemu kabla ya kuingia. Melkiyori alinisomea tungo zake za zamani kwa uvumilivu mkubwa. Upo utungo mmoja tu aliokataa kuusoma, na huo si wa msiba. Niliukuta katika daftari lake, wenye kusifu mvua, na ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

Karibu ukaribishwe, mgeni usiyebisha,
Paa letu lichezeshwe, kwa ngoma isiyokwisha,
Udongo wetu unyweshwe, kwa kiu uliokesha,
Tu hai bado, tuoshwe, kifo hakijatuosha.

"Huo uache," aliniambia. Niliutia katika hesabu: utungo wa arobaini.

Aprili ikafika, mwaka ukatimia, na Rejina akaivisha ndizi, akazikamua, akajaza mitungi. Wageni walialikwa siku ya Jumamosi. Asubuhi ile Melkiyori alichukua jembe akaenda shambani, shamba la mbali lililo karibu na mto Ruvubu, na hakurudi hadi giza lilipoingia. Wageni walikaa kwenye mikeka, mitungi ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, wakazungumzia bei ya kahawa, wakaondoka. Mtu mwingine angeweza kutoa neno. Ndugu yake Melkiyori, aliyekuja kutoka Karuzi kwa ajili ya siku hiyo, aliombwa. Alikataa. "Mtu aliyewasemea wafu wa mlima mzima," alisema, "mimi nimsemee wa kwake, nani ataniacha nipite njiani?" Pombe ikachacha, ikamwagwa. Mwezi wa Juni wakajaribu tena. Safari hii Melkiyori alibaki nyumbani. Alisimama, akavua kofia, akafungua mdomo, na tukasubiri. Kisha alivaa kofia yake na kuketi.

Jioni ile, kutoka kitandani mwa Diyana, niliwasikia wanawake wakizungumza jikoni. Diyana alikuwa ameposwa tangu kabla ya msiba na kijana wa mlima wa pili, fundi wa baiskeli.

"Wameuliza tena, mama," alisema Diyana. "Wanasema msiba gani huu usioisha. Shangazi yake ameshaanza kumtajia msichana wa Gasorwe."

"Baba yako amejaribu."

"Amejaribu! Kwa mke wa Salvatori hakujaribu, alisema. Kwa watu wote anasema. Sisi tu ndio hatuna maneno?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nitazeekea hapa nikimngoja Fidele."

Nilisikia kifuniko cha chungu kikiwekwa taratibu mno, kama watu wanavyofanya wanapojizuia kukitupa.

Hapa ndipo nilipoingia. Nimejaribu kwa miaka mingi kuieleza nia yangu, na kila mara nimepata maelezo mawili yaliyo sawa kwa nguvu. Moja ni kwamba nilimhurumia Diyana, ambaye nilikuwa nimelalia kitanda chake kwa miezi tisa. La pili ni kwamba tasnifu yangu ilihitaji kilele, na msimamizi wangu, ambaye nilimpelekea sura zangu nyumbani kwake mtaani Musinzira, alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na msiba wa mtunzi mwenyewe?" Sidhani tena kwamba inafaa kuchagua kati ya hayo mawili. Niliuliza watu kama yeye alivyokuwa akiuliza: Fidele aliacha kazi gani nusu? Rejina alisema, matofali. Diyana alisema, matofali. Salvatori alisema, "Ah, matofali, nani hajui?" Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la matofali mabichi aliyoyafyatua kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, yamefunikwa nyasi, yakingoja kuchomwa. Nikarudi Yoba na jedwali nililokuwa nimelitengeneza: tungo arobaini, na mbele ya kila mmoja safu ya kazi, safu ya ndege, safu ya mti, safu ya mstari wa mwisho. Niliijua namna yake kuliko alivyoijua yeye. Kwa siku tatu, cherehani zikinguruma nyuma ya ukuta, niliandika utungo wa arobaini na moja.

Siku ya nne nilimsomea Mama Zuhura, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Alizima jiko ili asikilize. Ubeti wa mwisho ulisema:

Matofali yamekaa, yanamngoja mpishi,
Nyasi kavu yamevaa, hayajauona moshi,
Tanuri limekataa, kuwaka pasipo mwashi,
Jirani, leteni taa, kazi yake haiishi.

Macho yake yalijaa machozi. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi.

"Iko mzuri," alisema. "Iko mzuri sana, quand même. Lakini nani iko analia mule ndani?"

"Baba yake, Mama Zuhura. Ni baba ndiye anayesema."

"Hapana. Mi namtafuta huyo baba, simuoni. Naona matofali." Akawasha jiko tena. "Kwetu mtu akikufa tunasoma hitma, tunakula, tunarudi nyumbani. Maneno iko ya Mungu, hakuna mwenye kuandika ya mwenzake. We uko unapikia mtu mwenye hajasema iko na njaa."

Nilimjibu kwa heshima kwamba huo ulikuwa mfano tu, rasimu ya kumsaidia aanze. Nilijiambia hivyo hivyo njia nzima hadi Mwakiro.

Nilimkuta Melkiyori kwenye mibuni, akipogoa. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, midomo ikitembea, kidole kikifuata mistari. Chiriku walikuwa wakigombana juu ya mtama wa Salvatori. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, lakini hakuyahitaji.

"Nani alikuambia ni matofali?"

"Wote, Baba Fidele. Mama Fidele, Diyana, majirani. Wote."

"Wote," alisema. Aliikunja karatasi mara nne, kila mkunjo akiupitishia ukucha, akaitia mfukoni. "Mwambie Mama Fidele avundike ndizi."

Mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limepaka migomba rangi ya matofali, Melkiyori alisimama mbele ya mlima wote akasema beti zangu kumi bila karatasi. Hakukosea hata silabi moja. Alipofika "leteni taa", wanaume waliinuka kabla hajamaliza. Walijenga tanuri mle mle uani, wakubwa kwa wadogo wakipokezana matofali mkono kwa mkono, Salvatori akilia waziwazi huku akiwatukana waliokuwa wakiangusha. Moto ukawashwa. Mitungi ikafunguliwa, mirija ikazamishwa, Diyana akacheza. Harusi ilifanyika majuma mawili baadaye. Nami nilikaa pembeni ya moto ule nikiwa na furaha, na ninaliandika neno hilo kwa aibu, furaha ya mtu aliyeuona ushahidi kwamba maneno yanaweza kusogeza matofali.

Asubuhi iliyofuata Melkiyori aliniita tumsindikize mbuzi mmoja mgonjwa malishoni. Tuliketi mahali ambapo mkaratusi ule unaonekana. Alizungumza bila kunitazama, kwa ule utaratibu wake wa kuweka neno baada ya neno.

"Uliuliza kila mtu, binti yangu. Mimi hukuniuliza."

"Niliogopa kukuumiza, Baba Fidele."

"Kazi aliyoiacha nusu si matofali. Matofali ni yake, angeyachoma siku yoyote, au asingeyachoma. Kazi aliyoiacha nusu ni yangu. Mimi nilimtuma awafuate mbuzi. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Ruvubu. Akasema, baba, tungoje ipite. Alikuwa na akili kuliko mimi. Nikamcheka. Nikamwambia, unamwogopa mgeni? Nikamsomea ule ubeti. Karibu ukaribishwe." Akamvuta mbuzi karibu. "Nilimtoa mwanangu nje kwa ubeti. Hilo ndilo neno lililokuwa limenikwama. Aprili nililikimbia. Juni lilikuwa limeshafika hapa." Aligusa koo. "Mara ya tatu lingetoka, nadhani. Nadhani tu. Wewe ukaniletea mlango mwingine, mzuri, umepakwa rangi. Nikapita huko. Mtu mwenye mzigo hachagui mlango."

Nilimwambia kwamba anaweza kulisema bado. Kwamba mimi ningewaeleza watu ukweli. Kwamba nitauondoa utungo ule katika tasnifu. Nilisema mengi, na yote yalipangika vizuri.

"Uache," alisema. "Watu wameshakunywa."

Ndiyo sheria, na niliijua, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika katika sura ya pili: neno la kuganduka hutolewa mara moja. Mtungi ukifunguliwa, nyumba imetoka, na anayerudi kulia baada ya hapo anauita msiba upya. Wote walikuwa wametoka. Yeye alibaki ndani peke yake, mlango ukiwa umefungwa kwa maneno yangu. Tangu siku ile hakutunga tena. Watu walipomwendea aliwaambia kwamba mwenye maneno yuko Gitega, nao walidhani ni mzaha. Nami nilitetea tasnifu yangu mwezi wa Septemba. Utungo wa arobaini na moja ulikuwa ndani, chini ya jina lake, na mjumbe mmoja wa jopo alisema kwamba hapo ndipo uchungu wa kweli unapomfanya mtunzi aipite sanaa yake. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na glasi ya maji mbele yangu, nilikunywa. Nilipewa alama za juu, na alama hizo ndizo zilizonipa kazi ninayoifanya, na kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha chuoni kuandika sura ya tatu kuhusu uchungu wa kweli.

Siku ya kumtoa Melkiyori msibani ilikuwa mwezi uliopita. Diyana alikuwa na watoto wanne na sauti ya mama yake. Mitungi ilikuwa imepangwa chini ya ukuta, na Salvatori, sasa mzee asiye na meno, alinisalimu kwa kuniuliza kama magunia yangu ya maneno bado yamejaa. Rejina alikaa kwenye mkeka wa mbele, mikono mapajani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Diyana alisimama.

"Baba alikuwa anauliza katika kila nyumba, marehemu ameacha kazi gani nusu," alisema. "Leo tunamuuliza yeye. Wengine wanasema paa la zizi. Wengine wanasema mfereji. Lakini aliyeandika maneno yake yote yuko hapa. Dada Goreti, sema wewe. Kisha usome ule wa matofali, watoto wausikie."

Nilisimama. Niliiona njia rahisi iliyokuwa mbele yangu, fupi na safi: zizi, mfereji, beti kumi ninazozijua kwa moyo. Nikasema kwamba utungo wa matofali niliutunga mimi. Nikasema kwamba Baba Fidele alikuwa na neno lake mwenyewe juu ya mwanawe, kwamba nililiziba, na kwamba kama kuna kazi aliyoiacha nusu ni hiyo. Sikusema neno lenyewe lilikuwa lipi. Sikuwa na haki nalo. Mnong'ono ulizunguka uani. Mtu mmoja alisema "Yezu we". Diyana alinitazama kana kwamba nimeingia na viatu vya matope kwenye kitanda chake, na harusi yake yote ikapita usoni mwake.

"Kaa chini, Goreti," alisema Rejina.

Niliketi. Yeye hakuinuka. Alizungumza akiwa ameitazama mitungi, kwa Kiswahili cha kawaida cha nyumbani, bila vina.

"Kwamba si yake nilijua siku ile ile. Nimelala na pumzi za mtu yule miaka thelathini na minne. Na neno lake nalijua pia, nilikuwa jikoni, napepeta maharage. Alimtuma Fidele awafuate mbuzi. Fidele akasema tungoje, akaketi kizingitini. Baba yake akamsomea ubeti wa mvua. Miaka yote hii alidhani ni ubeti uliomwinua." Alipangusa kitu kisichokuwepo juu ya goti lake. "Fidele hakujali mashairi, jamani. Alikuwa hata hasikilizi. Alinitazama mimi, aone nitasema nini. Na mimi nikacheka. Ndipo akainuka."